Diski Iliyosingiziwa Kifo

Kila asubuhi, saa mbili na nusu, Nuriat alinyunyizia maji vumbi la mbele ya duka lake, akachomeka birika la umeme, akaketi kungoja simu.

Duka lilikuwa Busia, upande wa Uganda, hatua mia mbili kutoka lango la forodha. Waliopita walimwona msichana mpole mwenye hijabu ya buluu, anayeongea kwa sauti ya chini na kuona haya hata kumwambia mteja kwamba amekosea. Hawakujua kuwa chini ya bisibisi zake kulikuwa na bastola aina ya Glock ambayo hakuipenda. Wala hawakujua kuwa mshahara wake haukutoka kwenye kompyuta.

Simu ililia.

"Nuriat. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe?"

"Salama. Na mashine zimeamkaje?"

Alikuwa Hudhaifa, fundi wa Tororo. Walisoma pamoja chuoni, wakagawana daftari na bisibisi, kisha kila mmoja akafungua duka lake. Kwa miaka miwili alipiga simu kila asubuhi, na kwa miaka miwili aliuliza habari za mashine. Nuriat alikuwa na jibu la swali ambalo hakuwahi kuulizwa. Kila asubuhi alilimeza pamoja na chai.

"Zimeamka," alisema.

"Kuna mteja namtuma kwako. Laptopu yake imenishinda. Halafu, Nuriat, leo baada ya swala ya Ijumaa nilikuwa nataka..."

Chini ya meza, simu ya pili ikatetemeka. Tecno ndogo ya vitufe. Simu hiyo haikupigwa na marafiki.

"Samahani, Hudhaifa. Mteja."

Akakata. Akajichukia kidogo. Kisha akasoma ujumbe.

*Mchele wa Tororo unakuja kwako. Upepete kabla ya saa nane.*

Alifunga mlango, akapiga.

"Afande."

"Sikiliza," alisema Apolot, mkuu wake wa upelelezi, mwanamke ambaye hakuwahi kusalimia. "Mtu anaitwa Okochi. Msafirishaji. Laptopu ya kijivu. Ndani yake kuna orodha ya mizigo. Lori moja kwenye foleni ya leo limebeba dawa za malaria za watoto. Bandia. Chokaa tupu."

"Foleni ina malori mangapi?"

"Mia moja na sabini."

"Tuyazuie yote."

"Sahihi ya kuzuia foleni iko kwa mkubwa mmoja ambaye hula nyama choma na Okochi kila Jumamosi. Nataka namba ya lakiri ya forodha iliyofunga mlango wa lori hilo. Moja. Saa nane karatasi zikipita, lori linaondoka, na hatulioni tena."

"Sawa, afande."

"Nuriat. Unakumbuka kijiji cha Petta."

Alikumbuka. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, alisimama pembeni ya shamba la mihogo akitazama jeneza lenye urefu wa mkono wake. Mtoto wa Teopista, mama aliyekuwa akimpangisha chumba. Mtoto alimeza dozi yote. Asubuhi na jioni, siku tatu, bila kulia, kwa sababu aliahidiwa soda. Teopista alikuwa bado anaitunza ile pakiti tupu. Aliwaonyesha watu ili wajue kwamba hakumkosesha mwanawe dawa.

Saa nne kamili Okochi aliingia.

Shati jeupe. Manukato. Kucha safi. Aliweka laptopu mezani taratibu, kama mtu anayeweka sahani ya wageni.

"Wewe ndiye fundi Nuriat? Yule kijana wa Tororo amesema iko mtu Busia ana akili kushinda yeye."

"Anatania, mzee."

"Mimi naomba asiwe anatania." Akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Nataka Windows mpya, basi. Niingie kwenye mfumo wa forodha, nitume karatasi, niende zangu."

"Ilikuwaje?"

"Jumatatu betri iliisha moto kabisa, mashine ikalala siku nzima. Nikaichaji, ikawaka buluu, ikazima. Kijana akajaribu kuweka Windows, ikasema haioni diski. Akasema diski imekufa. Akatoa, akaweka mpya. Na hiyo mpya pia haioni."

Nuriat aliinua macho. "Kwa hiyo iliyo ndani sasa ni mpya?"

"Mpya. Ya zamani ilikwenda na kila kitu." Okochi alitabasamu. "Kilichokufa kimekufa, fundi."

Hakuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Nuriat aliandika kwenye simu ya chini ya meza. *Gunia ni jipya. Hakuna mchele.*

Jibu lilikuja kabla hajainua kichwa. *Tafuta.*

Atafute wapi? Mbele yake kulikuwa na diski tupu, nyuma yake saa ya ukutani, na pembeni yake mtu anayenukia manukato akimtazama vidole. Hakuwa na la kufanya ila kutengeneza mashine ya adui na kuomba kitu kitokee.

Alichomeka flashi. Windows ikaanza kujisakinisha, ikauliza lugha, ikauliza saa, ikafika pale pa kuchagua diski.

Orodha ilikuwa tupu. *Hatukupata diski yoyote.*

Alizima. Alifungua mfuniko kwa bisibisi ndogo, akachomoa diski, kijikaratasi cha plastiki chembamba kama pakiti ya ubani. Alisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha, akakaza skrubu.

Hatukupata diski yoyote.

Alibadilisha tundu la flashi. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiamuru mashine kwa maandishi itaje diski zake.

Hakuna.

"Bado?" aliuliza Okochi.

"Bado, mzee."

"Chuo walikufundisha nini, nyabo?"

"Subira, mzee."

Saa tano. Saa tano na nusu. Mteja wa chaja alikuja, akafukuzwa kwa upole. Umeme ulikatika, ukarudi, yote ikaanza upya. Simu chini ya meza ilitetemeka mara tatu. *Vipi. Vipi. Vipi.* Nuriat alitamani kuitupa barabarani. Jasho lilimtiririka chini ya hijabu. Alitamani kulia, si kwa huzuni, kwa hasira tu, ile hasira ya kushindwa na kitu kisicho na uso.

Saa sita na robo alifanya alichopaswa kufanya mwanzo. Aliingia kwenye bayosi, mipangilio ya mashine yenyewe, ile inayofunguka kabla Windows haijaamka.

Diski ilikuwa pale.

Jina lake. Ukubwa wake. Nzima.

Alikodolea macho. Mashine iliiona. Iliyokuwa haiioni ni Windows. Aliteremka mstari kwa mstari mpaka akafika kwenye kidhibiti cha diski. Kilikuwa kimewashwa. Mashine za miaka hii ya karibuni hutoka kiwandani hivyo. Diski hukaa nyuma ya kidhibiti hicho kama mgeni nyuma ya pazia, na flashi isiyo na draiva yake, programu ya kukitambua, hupita bila kumwona. Mtu wa kwanza aliyeiwekea Okochi Windows lazima alikizima. Jumatatu moto ulipoisha, mashine ikasahau, ikajirudisha ilivyozaliwa.

Basi diski mpya haikuwa na kosa.

Vidole vyake vilisimama.

Basi na ile ya zamani haikufa.

"Mzee," alisema, na sauti yake ikatoka nyepesi mno, "ile diski ya kwanza uko nayo?"

Okochi aliacha kuchezea funguo zake.

"Ya nini?"

"Nilinganishe tu."

"Niliachia yule kijana. Ni takataka." Alimtazama kwa muda. "Si ilikufa?"

"Ilikufa, mzee."

"Basi."

Akasimama, akatoka nje na simu yake, akazunguka nyuma ya duka. Nuriat alijua palepale kuwa swali lile lilikuwa kosa. Alikaa na mtu huyo zaidi ya saa mbili bila kukosea, halafu akakosea kwa maneno sita.

Ukuta wa nyuma wa duka ulikuwa wa mabati. Alisogeza sikio.

"Rasto," Okochi alikuwa akisema. "Nenda Tororo sasa hivi kwa yule fundi wa karibu na reli. Chukua ile diski. Hapana, usinunue. Ivunje... Mimi nangoja hapa. Ikifika saa nane kama hii mashine haijapona, kuna rafiki ng'ambo atanitumia karatasi."

Nuriat alimpigia Hudhaifa.

*Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.*

Alipiga tena. Tena. Kisha akakumbuka, akafumba macho. Ijumaa. Hudhaifa alizima simu saa sita na nusu kila Ijumaa, tangu chuoni. Duka lingefungwa kwa kufuli moja mpaka watu watoke msikitini.

Okochi alirudi. Nuriat alikuwa tayari amebeba mkoba.

"Mzee, inataka draiva. Iko Tororo. Saa moja tu."

"Nenda, fundi." Okochi aliketi, akakunja mguu. Alionekana amefurahi. "Mimi natazama hii skrini yako."

Omoding alikuwa nje juu ya Bajaj Boxer nyekundu, akila hindi la kuchoma. Busia nzima ilimjua kama mwendesha boda mwenye maneno mengi. Apolot alimjua kama sajini.

"Tororo," alisema Nuriat. "Msikiti haujatoka. Mtu wa Okochi, Rasto, ametangulia."

"Na pikipiki gani?"

"Sikuona."

"Hindi langu ni la moto, dada." Akalitupa. "Kaa vizuri. Hii barabara iko mbaya leo."

Waliondoka.

Malori yaliwapita kwa kelele, saruji ikiruka nyuma yao kama unga. Omoding alipenya katikati ya matrela mawili, mkono mmoja kwenye honi. Nuriat alimshika koti, akaongea kwenye simu huku upepo ukimnyang'anya maneno.

"Afande. Diski ya zamani ni nzima."

"Iko wapi?"

"Tororo. Kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Anaitwa Hudhaifa."

"Yule wa kila asubuhi?"

Masikio ya Nuriat yalishika moto ndani ya helmeti. Bila shaka walisikiliza. Miaka miwili ya mashine zimeamkaje, na ofisi nzima ikisikiliza.

"Okochi niachie mimi," alisema Apolot. "Leta namba."

Jiwe la Tororo lilitokeza mbele, kubwa, likiwa limekaa peke yake juu ya mji. Saa saba na dakika kumi. Nuriat alihesabu. Wangefika saa saba na robo.

Kwenye makutano ya reli kizuizi kilishuka.

Treni ya mizigo. Mabehewa ya saruji, moja baada ya jingine, polepole, kama yanakwenda msibani. Nuriat aliyahesabu mpaka ishirini na sita, kisha akaacha kwa sababu meno yalianza kumuuma kwa kuyakaza.

"Dada," alisema Omoding, "hata ukiikasirikia haiongezi mwendo."

"Nyamaza, Omoding."

"Nimenyamaza."

Behewa la mwisho lilipita.

Kufuli la Hudhaifa lilikuwa chini, limekatwa. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Ndani, mtu mnene wa shingo alikuwa amepiga magoti mbele ya katoni ya majani ya chai. Katoni ilijaa diski. Ni desturi ya mafundi wa pande hizi: mteja akibadilishiwa kipuri, kile kibovu hukiacha, na fundi hukitupia katonini. Hudhaifa hakuwahi kutupa kitu. Zilikuwa zaidi ya arobaini, ndefu kwa fupi, na Rasto alikuwa anazipanga sakafuni na kuziponda kwa nyundo moja baada ya moja, maana hakujua aliyoitaka inafananaje.

Kumi na kitu zilikuwa tayari vipande.

Nuriat alisimama mlangoni. Alitazama vile vipande vya kijani, akaona pakiti tupu ya Teopista.

"Kaka," alisema kwa upole, "umekosea duka."

Rasto aligeuka na nyundo.

Karibu na mlango kulikuwa na blowa ya kupulizia vumbi kwenye mashine. Ilikuwa imechomekwa. Nuriat aliielekeza kwenye ndoo ya uchafu wa wiki nzima, vumbi la saruji la Tororo, akabonyeza.

Duka likageuka wingu.

Rasto alikohoa, akarusha nyundo, ikapita juu ya hijabu na kupasua kioo cha skrini ukutani. Akaja kipofu, mikono mbele. Nuriat alipiga hatua moja pembeni na kumpiga teke gotini. Alianguka juu ya meza, juu ya nyaya, juu ya kila kitu. Alipotaka kuinuka, chuma baridi kilimgusa kisogo.

"Usipumue sana," alisema Omoding. "Ni saruji hiyo. Itaganda."

Pingu zikalia.

Saa saba na dakika thelathini na tano. Nuriat alipiga magoti sakafuni. Kila diski nzima ilikuwa na plasta nyeupe, na mwandiko wa Hudhaifa: jina la mteja, siku, na neno *imekufa*. Alisoma haraka. Si Okochi. Si Okochi. Akaanza kugeuza zilizovunjika, vidole vikichomwa na vipande. Si Okochi. Alizisoma zote mara mbili. Haikuwemo.

"Haiko," alisema. Sauti ilimkatika. "Omoding, haiko."

"Nuriat?"

Hudhaifa alisimama mlangoni amevaa kanzu nyeupe, kofia kichwani, viatu mkononi. Alitazama kufuli, kioo, mtu aliyefungwa, kisha msichana aliyejaa saruji mpaka kwenye nyusi.

"Diski ya Okochi," alisema Nuriat. "Iko wapi? Tafadhali usiniulize kitu. Niambie tu iko wapi."

Hudhaifa alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu. Akaitoa, imefungwa kwenye karatasi ya kiberiti.

"Nilikuwa naleta Busia," alisema. "Baada ya swala. Nilianza kukuambia asubuhi, ukakata."

"Unaniletea diski iliyokufa?"

Alitazama viatu vyake. "Nilisema labda ukiitazama wewe."

Hakukuwa na muda wa kumjibu. Nuriat alitoa mkobani kasha dogo la USB, akaichopeka diski ndani, akaunganisha na laptopu yake. Taa ya buluu ikawaka.

Sekunde moja. Mbili. Tatu.

Ikaonekana.

Haikuwa hata na nywila. Faili lilikuwa juu kabisa ya orodha, jina lake *Sabuni*. Safu za malori, tarehe, madereva. Ya leo ilikuwa ya mwisho.

"Afande. Trela la bluu, mzigo wa sabuni ya unga. Lakiri inaishia nne nne moja nane."

"Subiri."

Alisubiri. Saa saba na dakika hamsini na moja. Omoding hakufanya mzaha. Hudhaifa aliweka viatu vyake chini. Upande wa pili zilisikika hatua, mlango wa chuma, mtu akibishana, kisha katoni zikiburutwa.

"Tumefungua," alisema Apolot. "Sabuni safu mbili. Chini yake dawa. Katoni mia nne."

Nuriat alikaa sakafuni.

"Na Okochi?"

"Yuko dukani kwako. Vijana wangu wamesimama nyuma yake, yeye bado anatazama skrini. Anangoja ione diski." Apolot alikohoa, na ilikaribia kuwa kicheko. "Nenda ukanawe uso."

Askari walikuja kumchukua Rasto. Omoding alitoka kuwasha pikipiki.

Hudhaifa alikuwa anaokota vipande kwa ufagio wa chelewa. "Nuriat, wewe ni nani?"

"Fundi."

"Fundi gani anakuja na pingu?"

"Wa mpakani."

Alikubali jibu hilo kama alivyokubali kila kitu chake, bila kulivuta. Nuriat aliona flashi kwenye meza ya Hudhaifa, ya kijani, imefifia, imezungushiwa plasta. Aliijua. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. *Hudhaifa, usiipoteze. N.*

"Hii nilikupa 2019."

"Ndiyo."

"Windows iliyomo haina draiva ya mashine za sasa, kama ile yangu ya leo. Haioni diski zake. Hudhaifa, nyingi katika hizi ulizoandika zimekufa, hazikufa."

Alitazama katoni kama mtu aliyewazika majirani kisha akasikia kikohozi. "Nyingi?"

"Zile mpya. Ungeweka Windows yenye draiva tu. Ni kazi ya nusu saa. Ulijua imezeeka?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Hudhaifa alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Niliogopa kuigusa, nisije nikaiharibu," alisema. "Na uliandika nisiipoteze."

Honi ya Omoding ililia nje. Nuriat alirudisha flashi mahali pake, taratibu. Alichukua mkoba, akatoka, akavuka mfereji, akapanda nyuma ya Boxer, akavaa helmeti. Alikuwa amewadanganya maofisa wa forodha, walanguzi na wanajeshi, kwa lugha tano, bila sauti kutetemeka.

Hudhaifa alikuwa amemfuata mpaka ukingo wa barabara, ufagio bado mkononi.

Nuriat aliinua kioo cha helmeti.

"Kesho ukipiga simu, usiniulize mashine zimeamkaje."

"Nikuulize nini?"

"Niulize kama nakupenda, Hudhaifa. Jibu ni ndiyo, tangu chuoni." Akashusha kioo. "Omoding, twende."